Mwanaume wa Bango la Mapinga

Kerege,
20 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Yahya,

Assalaam aleykum. Natumaini wewe na mkeo Jasmin hamjambo huko Tegeta. Sisi tunamshukuru Mungu. Idi tumeila salama. Mama alivaa lile dera lake la kijani akakaa barazani kuanzia watu waliporudi kuswali mpaka saa nane mchana, macho barabarani. Nikamwambia wewe una kazi nyingi. Tangu kile kiharusi cha Mei mwaka jana upande wake wa kulia haujarudi, ila maneno sasa yanatoka vizuri, hasa ya lawama.

Barua hii ataileta Mwalimu Genoveva, jirani yetu anayefundisha huko kwenu. Najua utashangaa, mwaka huu wa simu, kuandikiwa barua na mtu aliye mwendo wa saa moja kutoka kwako. Nimekupigia mara saba. Mara mbili ulikuwa kwenye kikao, mara tano ulikata. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Sasa nikupe hongera zako. Nimekuona. Nilikwenda Mapinga kwa Shangazi Bimdogo, nikashuka kwenye gari, nikainua macho, na ndugu yangu huyu hapa, ng'ambo ya barabara, mrefu kuliko mnazi. Umevaa aproni ya buluu, kidole kimoja kiko kwenye mashine ya kufulia, meno yote nje. Na maandishi makubwa: TAKASA. MWANAUME WA LEO HAFULIWI. ANAFUA. Nyuma yako kuna mwanamke kwenye sofa anakutazama kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Nilicheka mpaka muuza mihogo akaniuliza kama niko salama.

Yahya, tumelelewa nyumba moja. Wewe ukimaliza kula unaiacha sahani pale pale mkekani na kwenda zako, utadhani sahani ina miguu.

Nakumbuka tangazo lako la kwanza, ulipoanza kazi kwenye hiyo kampuni ya matangazo. Lilikuwa la redio: "Mama, shati la baba likiwa jeupe, na ndoa inang'aa." Ulitupigia simu ukoo mzima tusikilize. Baadaye likaja la televisheni, mume analeta mashine imefungwa utepe mwekundu, mke analia kwa furaha, maskini, kwa kuletewa kazi imefungwa utepe. Na sasa mke amekaa, mume anafua. Mashine ni ile ile. Naona mnachobadilisha ni mtu wa kusimama karibu yake.

Shida yangu ni hii. Mwezi wa tisa, tarehe ishirini na tano, nina safari. Nitakuwa sipo wiki sita. Nataka uje ukae na Mama. Kumwogesha na kumbadilisha nguo atakuja Mama Ally, asubuhi na jioni, nimeshaongea naye. Najua mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Wewe nakutaka kwa maji, chakula na mashuka. Mashuka yanachafuka, sitakuficha. Nafua Jumanne, Alhamisi na Jumapili, na siku nyingine yoyote tumbo lake likikataa.

Mwanaume wa leo anafua. Basi njoo ufue.

Dada yako,
Sihaba


Tegeta,
16 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Sihaba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenibana. Jasmin anakusalimu sana, naye yuko bize. Mpe Mama salamu zangu, mwambie nampenda na nitakuja.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ilikaa kwenye gari, halafu gari likaenda gereji. Nilipoisoma niliumia kidogo, sitasema uongo. Unacheka kitu ambacho hujakielewa. Hii kampeni ni kubwa, dada. Tunabadilisha fikra za jamii. Mwanzoni mimi sikutakiwa kuwa kwenye picha, yule kijana waliyemkodi hakutokea siku ile, mkurugenzi akanitazama akasema, "Wewe, una sura ya mume mwema." Sasa wanawake wananisimamisha supamaketi kunishukuru. Juzi mmoja alitokwa na machozi. Wewe dada yangu wa damu ndiye uliyecheka.

Kuhusu kuja. Wiki sita ni nyingi mno, na hukusema hata unakwenda wapi. Safari gani hiyo ya wiki sita? Halafu Mama mwenyewe hatakubali. Umesahau? Nilikuwa na miaka tisa, nikachukua ndoo niende kisimani, nikiwa na hamu kweli kweli. Mama akaninyang'anya mbele ya watu, akasema yeye hajakosa binti hata amtume mwanawe wa kiume. Nilisimama pale naona aibu, na tangu siku hiyo sikugusa tena. Ninyi ndio mlionilea hivi, leo mnanitukana kwa malezi yenu.

Lakini sikukaa bure. Nimeongea na wenye mashine na wamekubali kumpa Mama mashine mpya, ya kilo nane, ya kisasa kabisa. Wataileta mpaka mlangoni. Utaweka shuka, utabonyeza kitufe, utarudi kwenye cherehani chako. Kwa hiyo tatizo limekwisha, na hamtanihitaji.

Ndugu yako,
Yahya


Kerege,
9 Agosti 2024

Yahya,

Marahaba. Mama yuko vile vile. Wiki iliyopita alipata homa, ikapoa. Anauliza "nitakuja" yako ni ya mwezi gani.

Mashine imefika. Ililetwa na wanaume wanne wenye fulana za buluu. Waliiweka barazani, wakamweka Mama kando yake kwenye kiti, wakampa kipande cha utepe ashike kwa ule mkono mzima, wakapiga picha ishirini, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza itachomekwa wapi. Nilimwita fundi. Akaizunguka mara mbili, akaangalia mgongoni kwake, akaniuliza, "Dada, bomba lenu liko wapi?"

Bomba letu liko wapi, Yahya? Wewe umezaliwa humu ndani. Unajua kuwa maji tunateka kisimani kwa Mzee Gaspari, na kisima kikiingia chumvi tunanunua kwa madumu. Miaka kumi na miwili unauza mashine hizi na hukukumbuka kuwa nyumbani kwenu hakuna bomba, kwa sababu maji hujawahi kuyaona yakiingia. Wewe uliyakuta kwenye mtungi. Fundi anasema mashine hii haikubali kumiminiwa kwa kata. Inataka maji ya kusukumwa. Haya, kuku wangu mmoja ameutazama ule mlango wa duara akaona ni nyumba. Juzi nimeokota mayai matatu humo. Waambie wenye mashine kazi inafanyika vizuri.

Na hiyo hadithi ya ndoo. Ni kweli alikunyang'anya, nilikuwepo. Lakini hukuimalizia. Unajua ndoo ile alipewa nani? Nilikuwa na miaka kumi na sita, kitabu mkononi, kesho yake nina mtihani. Wewe ulinyang'anywa siku moja na mpaka leo unaona aibu. Mimi nilikabidhiwa, na sijaitua.

Halafu unaniambia mnabadilisha fikra. Babu Mbaruku alikuwa kitu gani? Alikuwa dobi, pale Bagamoyo mjini, miaka thelathini. Alifua mashuka ya misheni, kanzu za masharifu, magauni ya wake wa matajiri. Kwa mikono yake, na pasi ya mkaa, na hakuna aliyemtundika barabarani. Na kanzu za Babu alifua nani? Bibi. Mwenyewe alikuwa akisema hawezi kuleta kazi nyumbani. Wanaume wa ukoo wetu wamefua tangu zamani, Yahya, mradi nguo zisiwe za nyumbani na awepo mtu wa kuwaona. Hamjaleta jipya lolote. Mmeongeza taa tu.

Safari yangu ipo pale pale, tarehe ishirini na tano mwezi wa tisa. Sikukuomba mashine. Nimekuomba wewe.

Sihaba


Tegeta,
2 Septemba 2024

Dada Sihaba,

Shikamoo sana. Natumaini Mama amepata nafuu. Jasmin anakusalimu, anasema anamkumbuka Mama mno.

Kwanza samahani kwa suala la bomba. Limeniaibisha, na nimelifanyia kazi. Soma taratibu, nina habari njema: ninakuja! Nimekaa na wenye mashine nikawasimulia habari ya Mama, na wamependa sana. Wanataka tangazo jipya, mwanamume anayemfulia mama yake mgonjwa. Mkurugenzi amesema hili litawaliza watu nchi nzima.

Tutakuja tarehe ishirini na sita, watu kumi na mmoja, siku moja tu. Hutapata usumbufu wowote. Tangi la maji na pampu tutakuja navyo, na jenereta. Mashuka pia tutakuja nayo, mapya, meupe. Yale ya nyumbani yaweke mbali kidogo. Ukuta wa uani utapakwa rangi upande mmoja. Mama atakuwa na neno moja la kusema, "Mwanangu anafua," akiweza kulisema huku anatabasamu. Kama mdomo hautafunguka vizuri watamwekea sauti ya mtu mwingine.

Jambo dogo la mwisho, usilichukulie vibaya. Ni vizuri kuwa una safari. Mkurugenzi anasema binti akionekana kwenye picha watu watauliza kwa nini hafui yeye.

Baada ya hapo nitatafuta msichana wa kazi wa kukaa na Mama hizo wiki sita. Naamini sasa umefurahi.

Yahya


Kerege,
6 Septemba 2024

Yahya,

Sitakuuliza hali. Ninaijua, na nitakueleza nimeijuaje.

Jumapili, siku moja kabla hujaniandikia kuwa Jasmin ananisalimu, Jasmin alikuwa amekaa jikoni kwangu akichambua mchicha. Alipanda basi kutoka Tanga kuja kumwona mkwewe. Yuko kwao tangu Ramadhani. Salamu zake za Julai ulizitoa wapi, na hizi za Septemba? Unazo stoo?

Sikumchimba. Alisema mwenyewe, tena bila kulia. Alisema jioni ya kabla ya siku ile ya picha ulirudi na aproni ya buluu, ukamtupia mapajani, ukamwambia ainyooshe vizuri kwa sababu kesho itaonekana nchi nzima. Alikuwa amefunga, ametoka kazini, futari iko jikoni. Akaipiga pasi. Akaikunja. Asubuhi ulipoondoka nayo naye akafunga mzigo wake. Aproni ya mwanaume wa leo ilipigwa pasi na mwanamke wa jana, na wewe hukuona kitu cha kuchekesha hapo. Na sasa nguo zako zinafuliwa na dobi wa kona ya kwenu. Nasikia unampelekea umevaa kofia usijulikane.

Unaona aibu kuonekana hufui, lakini kutofua kwenyewe huoni aibu.

Uliniuliza safari gani. Basi jua. Ninapasuliwa. Nina uvimbe kwenye kizazi, wameuona mwaka jana, na nimeahirisha mara mbili kwa sababu ya mashuka. Daktari amesema safari hii sina tena cha kuahirisha. Damu yangu imepungua mpaka nikiinama kwenye beseni naona giza. Nikishapasuliwa, wiki sita sitakiwi kuinua hata dumu moja. Nitakaa Mapinga kwa Shangazi Bimdogo, maana nikirudi Kerege Mama ataita na mimi nitainuka. Sikukuambia kwa sababu si neno la dada kumwambia mdogo wake wa kiume. Na nilitaka uje kwa ajili ya Mama bila kuhurumia mtu.

Kamera haziingii kwenye nyumba hii. Mama nimemsomea barua yako yote, pamoja na hiyo sauti ya mtu mwingine. Akasema, "Mwambie uchafu wangu si wa kuchezea." Akageukia ukutani. Na msichana wa kazi usituletee. Atakuwa mtoto wa mwenzio aliyekabidhiwa ndoo.

Tarehe ishirini na tano natoka asubuhi. Mlango nitauacha wazi. Ukija, mashuka yako kwenye beseni jekundu. Usipokuja, Mama atalala kwenye uchafu wake, na vituo vichache kutoka hapo wewe utakuwa juu ya bango unacheka.

Sihaba


Kerege,
9 Oktoba 2024

Dada Sihaba,

Shikamoo. Pole sana kwa operesheni. Mwalimu Genoveva ametuambia imekwenda salama, Mama alisoma dua nami nikaitikia. Barua hii anakuletea yeye.

Niko hapa. Nilikuja peke yangu siku ile ile uliyotoka, saa tano. Wenye mashine niliwaambia haiwezekani. Kusema kweli niliwaambia dada yangu amekataa. Wamekasirika. Simu zao zimepungua, na mkurugenzi hapokei zangu.

Naomba nikueleze, maana huku sina wa kumweleza. Siku ya kwanza nilitia sabuni ya unga nusu pakiti. Nimesuuza madumu sita na povu haliishi, nikarudi kisimani mara ya saba, Mzee Gaspari anahesabu kwa sauti. Sikujua kuwa shuka la namna ile linaanza kuondolewa uchafu kwa maji matupu. Nilitapika nyuma ya banda la kuku. Nilipokwenda kuchukua mashuka, Mama alifunika uso kwa kanga na hakuufunua mpaka nilipotoka. Mpaka leo hufanya hivyo nikiyachukua. Ila juzi nikifua alikaa mlangoni akanitazama, halafu akasema, "Unakamua kama unaogopa kuliumiza." Akanielekeza nifunge ncha moja kwenye nguzo na kusokota nyingine, akasema ndivyo Babu Mbaruku alivyokuwa akifanya alipokuwa peke yake. Nikakamua. Akasema, "Hivyo."

Vidole vimechubuka katikati, sabuni ikiingia nasikia mpaka kwenye meno. Wanaume wa kijiweni walinicheka siku tatu. Sasa wamechoka.

Nimefua mashuka kumi na saba, dada. Nimehesabu. Kuku wako sijamtoa kwenye mashine.

Naomba mambo mawili. La kwanza, ukiongea na Jasmin, mwambie uliyoyasikia. Akisikia kwako ataamini. La pili, najua nilichelewa, na sikuwa mkweli. Lakini nimekuja. Nimeyafanya yote uliyoyasema. Hutaniambia hata ahsante?

Mdogo wako,
Yahya


Mapinga,
14 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Yahya,

Marahaba. Mimi nimepona vya kutosha kuandika nikiwa nimekaa. Nyuzi zimetoka, natembea mpaka mlangoni na kurudi. Shangazi Bimdogo ananilisha kama ninayesubiri kuchinjwa. Anakusalimu, na salamu hizi ni za kweli, nimezisikia mwenyewe akizitoa.

Mashuka kumi na saba. Mimi nimefua tangu Mei mwaka jana mpaka siku ile ya Septemba nilipotoka. Piga hesabu wewe uliyezoea, mimi sikuhesabu. Na katika miezi yote hiyo sikukuandikia barua hata moja kukueleza vidole vyangu. Povu, kisima, kichefuchefu, yote hayo nayajua, hukuyagundua wewe. Na ahsante sina. Ahsante nikikupa utaitundika.

Jasmin sitamwambia neno. Mdomo unao, na Tanga basi lipo. Ukienda, usimpelekee hadithi ya mashuka ya mama yako. Mpelekee ile ya aproni, uanzie hapo.

Nilifurahi kwa hilo la nguzo. Sikuwa najua kuwa Mama analikumbuka. Mimi hakunionyesha. Imeniuma kidogo, na nimeona niseme.

Sasa nikupe habari ya huku. Kitanda changu kiko dirishani, na dirisha linatazamana na wewe. Wiki mbili na ushee nimelala nikikutazama, maana sikuwa na mahali pengine pa kugeukia. Jana asubuhi wamekuja vijana wawili na ngazi. Wakaanza kukubandua kutokea juu, kwa hiyo kichwa kimeondoka kwanza. Aproni ilibaki peke yake mpaka adhuhuri, walikwenda kuswali na kula. Waliporudi wakaimalizia. Sasa kuna bwana mwingine pale, kijana kuliko wewe, anapika wali kwa jiko la umeme, na sofa ni lile lile, na mwanamke ni yule yule, na anamwangalia vile vile alivyokuwa akikuangalia wewe. Hajasikitika hata kidogo.

Shangazi aliniuliza kama nimeona huzuni. Nikamwambia hapana, ila nimepata hamu ya kujua kama utaendelea kufua. Zimebaki wiki tatu na siku mbili. Wenye mashine hawapokei simu zako, wanawake wa supamaketi watamshukuru yule wa wali, wanaume wa kijiweni unasema wamechoka, na mimi niko huku, siwezi kuona uani kwetu. Hakuna mtu hata mmoja anayekutazama sasa isipokuwa Mama, na yeye hufunika uso.

Kesho ni Jumanne.

Dada yako,
Sihaba